Mashine ya Gemu Barazani kwa Saada

Nawaonea wivu, wanangu. Nalisema mapema, msije mkaligundua mbele mkadai mzee alikuwa anaficha. Mnajilaza na simu mkononi, mnaiuliza kompyuta ya gemu ya bei ya chini ijengweje, na simu inawapangia kila kitu: prosesa chukua hii, kadi ya picha ile, hiyo nyingine achana nayo, inachemka. Halafu mnakuja kwangu kuniuliza kama simu imesema kweli! Mie nilijifunza kuchagua vipuri nikiwa nimechuchumaa mbele ya marundo ya mitumba Kariakoo, uso nimeukunja kama mtu asiyetaka kitu, maana muuzaji akishaona umekipenda kipuri, basi kipuri hicho kimegeuka dhahabu.

Sasa nimestaafu. Skrubu ndogo zimeanza kunikimbia, nikiiangusha moja nazunguka na sumaku chini ya meza kama kuku anayetafuta punje. Mmeniomba niwaandikie habari za kazi, na mie kazi yangu siwezi kuitenganisha na wivu. Darasa la saba langu liliishia pale lilipoishia. Kilichonisukuma ni kumwona mwenzangu anajua kitu nisichokijua, nikakosa raha mpaka na mie nikijue.

Mwenzangu huyo alikuwa Jabiri.

Tulikuwa wawili kwenye karakana ya Mzee Chaurembo, Tandika. Mzee alikuwa fundi redio wa siku nyingi. Zilipokuja enzi za ruksa, mitumba ikaingia ya kila namna, na nyuma ya nguo na viatu zikaja kompyuta zilizochokwa na ofisi za Ulaya na Amerika. Redio nazo zikawa rahisi mno, mtu ikimharibikia hatengenezi, ananunua nyingine. Mzee akaliangalia hilo, akachukua brashi, na kwenye kibao chake, chini ya neno “Redio”, akaandika “na Kompyuta”. Basi. Kesho yake asubuhi tukaamka mafundi kompyuta.

Jabiri alikuwa mrefu, sauti ya chini, shati limenyooka hata akitoka uvunguni mwa meza. Mteja akiingia ananipita mie kama anavyopita mlango, anakwenda moja kwa moja kwake. Sikumchukia, mnielewe. Tulikuwa tunakula sahani moja. Ila kila alipoitwa “fundi” kabla yangu, tonge lilikuwa linanikaba.

Mzee alitufundisha kuchagua kwa mwili mzima. Pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, alikuwa anasema inunuliwe kwa mkono. “Inyanyue kama papai. Ikiwa nyepesi, imenyimwa matumbo, hiyo siku ya joto itakuaibisha.” Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipuri vyote, unaitazama vikopo vyake vidogo, vikiwa vimevimba vichwa unaiacha hapo hapo hata kama unapewa bure. Ramu, kile kijiti cha kumbukumbu ya mashine, unayasugua meno yake kwa ufutio wa shule mpaka yang'ae, na ramu nyingi zilizotupwa kuwa zimekufa zilifufuliwa kwa ufutio tu. Na kila kitu unakinusa. Mteja mmoja alinikuta nimeweka pua kwenye diski akauliza kama nina mafua. Kipuri kilichoungua, wanangu, hata kikifutwa na spiriti harufu yake haitoki.

Sikuyajua yote hayo kwa siku moja. Mashine za Amerika zilikuwa zinakuja zimezoea umeme wa kwao, ambao ni mdogo kuliko wetu, na nyuma zilikuwa na kitufe chekundu cha kubadilisha. Mie siku ya kwanza, kwa haraka ya kutaka kumtangulia Jabiri, nikachomeka bila kupeleka kidole nyuma. Paa! Moshi. Jabiri akafungua dirisha taratibu, na ule utaratibu wake ukaniuma kuliko kama angenicheka. Mzee akaja akasimama juu ya ile maiti. “Mgeni kafika leo,” akasema, “wewe umempokea kwa pilipili.” Tangu siku hiyo kidole changu kinatangulia chenyewe. Hata kwa mashine zenu za leo zisizo na kitufe, napapasa nyuma, nasikia haya, natoa mkono.

Basi, ndipo akaja Saada.

Mama yake, Bi Kilua, alikuwa anakaanga bajia barazani kwao, mtaa wa pili kutoka karakana. Bajia tamu, lakini watu walikuwa wananunua na kuondoka. Saada akawaza: watu wakipata cha kuwakalisha, watakula zaidi. Akaja karakana, akafungua pindo la khanga, akaweka fungu lake mezani.

“Shikamoo Mzee Chaurembo. Nataka kompyuta ya gemu la mpira. Sitaki ya mwenye nacho, nataka inayolingana na hiki.”

“Marahaba, mwanangu. Inalingana, inalingana.”

Mie wakati anafungua lile pindo nilikuwa nimeshaota mbali. Nilikuwa na maradhi ya kuota siku zile. Alipomaliza kufungua fundo nilishafungua ukumbi wa gemu, nimeweka feni ya dari, Saada anasimamia bajia na watoto wetu wanatuita tukale. Nikageuka, nikamwona Jabiri naye kashika bisibisi kichwa chini. Nikajua ukumbi wangu umeshapata mpangaji.

Mzee alituangalia, huyu kisha yule. Hakuwa mtu wa kupitwa. “Vijana hawa watajenga mashine mbili,” akamwambia Saada, “kila mmoja kwa kiasi hicho hicho. Jumamosi njoo na mama, mchague. Itakayobaki nitaiuza mwenyewe.”

“Loo! Mnanichezea ngoma sasa?” Saada akacheka. Akatoka.

Na mie nilielewa vizuri kilichowekwa mezani. Mashine ya mtumba kwenye umeme wetu wa kuja na kutoka haikai bila fundi. Atakayeshinda, mashine yake itakaa barazani kwa Saada, na yeye atakuwa na sababu ya kufika pale kila jioni, halali kabisa, bila kuulizwa na mtu. Atakayeshindwa atabaki kununua bajia kama watu wengine.

Fungu dogo ni kama shuka fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje. Nilizunguka Kariakoo mpaka wauzaji wakanizoea. Gemu la mpira linakula ramu, nikajaza ramu. Linataka kadi ya picha inayojiweza, nikaipata moja imelala chini ya kibodi zilizovunjika, nikaitazama kama takataka mpaka mwenyewe akanishusha bei. Pawa saplai nilichukua nzito, ya kujengea nyumba. Prosesa ya wastani, maana prosesa ya kasi bila ramu ni mwanariadha aliyevaa ndara. Kikabakia kioo, na mie nilikuwa nimebaki na kidogo. Nikachukua kioo kidogo, chenye ukijani kidogo pembeni. Nikajiambia, jicho huzoea.

Jabiri mwenzangu aliponunua vyake nilichungulia. Pawa saplai yake nikaishika akiwa hayupo, nyepesi kama mkate. Moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe.

Jumamosi ikafika. Mashine mbili mezani, gemu lile lile. Yangu ilikuwa inakwenda kama maji, nawaapia. Ya Jabiri ilikuwa inasitasita kidogo mpira ukirushwa juu. Lakini kioo chake! Kipana, nyasi ni nyasi, jezi nyekundu ni nyekundu. Bi Kilua akakaa mbele ya yangu, akainamisha kichwa.

“Shomari baba, hawa wachezaji wako mbona wamepauka? Wamefunga saumu?”

“Mama, watazame wanavyokimbia!”

“Wanakimbia nawaona. Sasa wanakwenda wapi na rangi hiyo?”

Karakana nzima ikacheka. Saada alicheka kwa kuficha mdomo na khanga, na nadhani alinionea huruma, jambo lililoniumiza zaidi. Wakachukua ya Jabiri. Mzee akanivuta pembeni. “Umeshibisha tumbo, uso hukuunawisha. Mteja hachezi kwa ramu, anacheza kwa macho.” Yaandikeni hayo popote mnapoandikiaga mambo yenu. Mpaka leo mtu akiniletea fungu dogo, nauliza kwanza: utatazamia nini?

Jabiri akaibeba mashine mwenyewe, kioo begani, kama bwana harusi anayepeleka kitanda.

Zikaanza jioni za mateso. Kila alasiri ikipita Jabiri ananawa uso, anasema, “Ngoja nikaitazame ile mashine.” Itazamwe nini? Ilikuwa nzima! Na mie baada ya muda nafunga karakana, nanunua bajia nisizozitaka, nakaa mwisho wa baraza, natafuna nikiangalia mtu anavyopewa chai bila kuagiza. Wanaume wa mtaa walikuwa wanajazana pale, wawili wawili kwenye kibodi moja, mabega yanagongana. Alikuwepo na Salumu dobi, aliyekuwa anapiga pasi ng'ambo ya barabara. Mtu mpole, mchezaji mbovu kuliko wote. Alikuwa na kigoda chake karibu na karai la bajia, anafungwa mabao huku anacheka, zamu ikimwishia anarudi kigodani. Hakuna aliyemhesabu.

Na palikuwa na kitambaa.

Saada alikuwa na mkono wa kufuma. Kwao kila kitu kilivaa: redio, mtungi, meza, hata saa ya ukutani ilikuwa na shela. Mashine ilipofika akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembezoni, kirefu. Zile mashine za zamani sanduku lilikuwa linalala chini, kioo kinakaa juu yake. Asubuhi kitambaa kinafunika vyote. Jioni watu wakitaka kucheza, Saada anakifunua usoni na kukirudisha nyuma, taratibu, kama anafunua bibi harusi. Mie nilipokitazama sikuona uzi. Niliona jioni nyingi za mikono yake akimfumia Jabiri.

Halafu mashine ikaanza kuganda.

Watu wakikolea tu, picha inasimama. Mpira hewani, mchezaji mguu juu, kimya.

“Nilikuwa nafunga, jamani!” Salumu analia.

“Wewe? Ufunge wewe? Basi hata mashine imeshtuka ikazimia!”

Watu wanacheka mara ya kwanza, mara ya pili wanaguna, mara ya tatu wanafuta mikono na kuondoka, na bajia za Bi Kilua zinapoa karaini. Mie nikajua moja kwa moja: ile pawa saplai nyepesi. Nilikuwa naisubiri ife kama fisi anavyofuata mtu akingoja mkono udondoke. Jabiri akaileta karakana. Kufika mezani, ikacheza tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kukwama. Akairudisha. Jioni ikaganda. Akabadilisha ramu. Karakana ni nzima, barazani inaganda. Ikawa kama mgonjwa anayepona akiona kanzu ya daktari.

“Ni pawa saplai,” nikasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

“Kama ni hiyo,” Mzee Chaurembo akajibu, “mvulie yako umpe.”

Nikaing'oa pawa saplai yangu nzito kwenye mashine yangu iliyobaki bila mchumba, nikampa Jabiri kwa mikono yangu. Sasa kipuri changu kinakwenda kukaa barazani kwa Saada, mie nabaki! Na jioni yake mashine ikaganda vile vile. Kumbe wivu ulikuwa umenipa jibu kabla sijasikia swali. Mjifunze hapo, wanangu: fundi anayefurahia ugonjwa hauoni.

Nilikaa mwisho wa baraza siku iliyofuata, nikajilazimisha kuitazama mashine tu, nisimtazame Jabiri. Nikamwona Saada anakifunua kitambaa, anakirudisha nyuma. Kikaanguka chote nyuma ya sanduku. Kikatulia. Halafu kikaanza kujivuta ndani taratibu, kama shavu la mtu anayenyonya embe. Kilikuwa kimekaa juu ya matundu yote, feni imekinyonya, na nyuzi zake zimeshiba mvuke wa mafuta ya bajia. Karakana mashine ilikuwa inacheza uchi! Jabiri alikuwa anakivua kitambaa, anakikunja kwa adabu, anakiacha kwa Saada, anaondoka na mashine. Akirudi, Saada anaivalisha mwenyewe.

Hapo nikapata mtihani. Nikinyamaza, mashine ya Jabiri inamwaibisha mpaka inarudishwa, na yangu, ikipata tena pawa saplai yake, iko tayari. Nikisema, namponya mshindani wangu. Nikamtazama Bi Kilua anageuza bajia zilizokosa mlaji, na Saada anahesabu wateja kwa macho. Moyo wangu mlaini huu umenikosesha mengi. Nikainuka.

“Dada Saada, kitambaa hicho kiondoe.”

Saada akageuka.

“Kina nini kitambaa changu?”

“Kinaiziba pua mashine. Haipumui, ndiyo maana inaganda.”

Saada akanitazama, kisha akaweka mkono kiunoni. “Shomari! Wivu wako umemaliza watu, sasa umehamia kwenye kitambaa?”

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mtaa mzima ulikuwa unajua! Mie nilidhani nauficha wivu wangu, kumbe nilikuwa nauvaa kama kofia. Jabiri peke yake hakucheka. Alikuwa amekodolea macho nyuma ya sanduku, na niliona jibu linamfika. Lakini atasemaje? Mwanamke kakufumia kitu, umwambie kinaua?

“Wekeni mikono, basi!” nikapiga kelele. “Wekeni mikono nyuma hapo, mimi ni mwongo, joto je?”

Hakuna aliyesogea isipokuwa Salumu. Akaacha kigoda chake, akapeleka kiganja nyuma ya sanduku kwa namna anavyojaribia pasi ya mkaa.

“Anasema kweli,” akasema polepole. “Hata pasi yangu ina matundu.” Halafu akamgeukia Saada, akashusha sauti. “Lakini kitambaa hakina kosa, dada. Kimeingia mafuta tu. Nipe nikakifue.”

Akakichukua kwa vidole vyake vya dobi, akakikunja pembe kwa pembe, maua juu ya maua, mpaka kikawa kijisahani cheupe kiganjani mwake. Sijapata kuona kitu kinakunjwa vile. Na sikuwa peke yangu niliyetazama. Saada alisahau kutoa mkono kiunoni.

Mashine ikapoa, ikachezwa hadi adhana ya magharibi bila kuganda. Bajia zikaisha. Kesho yake kitambaa kikarudi kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimenyooshwa kila ua mahali pake, na Saada akakiweka juu ya redio, kisiguse mashine. Chai ya Salumu ikaanza kuja bila kuagizwa.

Na mashine iliyopona haina haja ya fundi. Jabiri akabaki bila sababu ya kufika pale jioni. Mie sikuwa nayo tangu mwanzo. Salumu hakuhitaji sababu, alikuwa na kigoda. Zamani watu walikuwa wanatawanyika mashine ikiganda, sasa haikuganda, na Salumu alikaa mpaka taa inawashwa, anafungwa mabao, anacheka. Haikupita muda tukaalikwa harusi, mie na Jabiri, tukakaa mkeka mmoja, tukala pilau la dobi.

“Wewe na mdomo wako,” Jabiri akaninong'oneza.

“Wewe na kioo chako,” nikamjibu.

Tangu hapo tukawa marafiki wa kweli. Siku hizi ana duka Bunju, kubwa, na duka hilo nalo naliona kwenye ndoto zangu. Mie nilipata mke mwema ambaye, nashukuru, hajui kufuma.

Sababu ya kuyakumbuka yote haya ni kwamba juzi alikuja binti mmoja hapa nyumbani. Shikamoo, marahaba. Anataka kompyuta ya gemu, na alichonacho ni kidogo. Kwa kicheko tu, cha kuficha mdomo, nilijua ni wa nani. Wanakaa Chamazi sasa, ambako sie tulikuwa tunakujua kwa mihogo tu.

Nilimchagulia kwa roho moja. Nilianza na kioo. Nikamwambia prosesa apunguze, ramu aongeze, kadi ya picha achukue iliyotumika lakini ainuse kwanza, na simu yake ikibisha aizime. Vilipopatikana nikavifunga mwenyewe, yeye akinishikia tochi na kuokota skrubu zangu. Nilipomaliza akawa anaizungushia shuka apate kuibeba.

“Mama anakusalimia,” akasema. “Kanituma nikwambie: hii hatutaivalisha.”

Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

“Baba hajambo?”

“Hajambo. Kakaa.”

Kakaa! Nikakiona kigoda kile kile. “Na kitambaa?” nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua. “Kilichakaa?”

“Kile cha maua? Kipo! Baba anakipigaga pasi mwenyewe kila Idi ikikaribia, hataki mtu akiguse.”

Nikamwambia atue kwanza mashine. Nikaifungua tena, nikaing'oa pawa saplai, nikaipima mkononi ingawa nilikuwa nimeshaipima, isije ikawa wivu ndio ulionichagulia. Ilikuwa nzito ya kutosha.